Wasichokula Kulungu

Kila mwaka theluji ikishayeyuka, mteja wa kwanza kuingia kwenye kitalu changu huuliza swali lilelile, na wa pili pia, na wa tatu: ni maua gani kulungu hawayali? Nami nina jibu langu la miaka mingi. "Ya plastiki," nawaambia. Wanacheka, nawauzia lavenda, wanakwenda zao. Huku kwetu milimani kulungu ni wengi kuliko watu, na adabu hawana. Wanaingia bustanini mchana kweupe, wanakula mawaridi kama walioalikwa, na ukitoka na ufagio wanakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyekosea nyumba.

Kesho yake ya Siku ya Kupamba Makaburi, ile ya mwisho wa Mei tunapowapelekea marehemu wetu maua, nilikuwa nimeupa mlango mgongo, namwagilia miche, nikasikia swali hilo nyuma yangu.

"Nadine, nipe maua ambayo kulungu hawayali."

"Chukua ya plastiki."

Sikusikia kicheko. Nilipogeuka nikamkuta wifi yangu Arlene, mke wa kaka yangu Royce, amesimama na koti la mvua ingawa jua lilikuwa linawaka. Mkononi alishika vijiti vya maua visivyo na vichwa.

"Nilimpelekea jana," alisema. "Leo asubuhi ndiyo haya."

Sikuwa na haja ya kuuliza alimpelekea nani. Mwanawe wa pekee, Curtis, tulimzika Novemba iliyotangulia, kwenye makaburi ya juu ya mji. Novemba ndio mwezi wa kulungu kupandana. Madume wanakimbiza majike na hawaoni mbele wala nyuma. Curtis alikuwa anarudi kutoka kiwanda cha kupasua mbao. Kulungu akaruka barabarani, Curtis akakata usukani, gari likaacha njia na kuingia kwenye mti. Kulungu mwenyewe hakupata hata mkwaruzo. Tuliziona nyayo zake kwenye matope, zinapanda mteremko bila haraka.

Huku kwetu, mtoto anayefundishwa kuendesha gari anafundishwa jambo moja kabla hata hajajua breki iko wapi: kulungu akikatiza, usimkwepe. Mgonge. Bati likibonyea litanyooshwa. Royce alimfundisha Curtis hivyo, kama baba yetu alivyotufundisha sisi. Siku ya mazishi kaka yangu alisimama kando ya jeneza, watu wanampa mkono wa pole, naye anamwambia kila mmoja neno lilelile: "Nilimwambia asikwepe. Nilimwambia." Tangu siku hiyo hakukanyaga tena makaburini.

"Pole, wifi," nilisema. "Ule utani haukuwa wako."

"Mke wa mchungaji naye kaniambia niweke ya plastiki. Nadine, nimwekee mwanangu kitu ambacho hakijawahi kuwa hai?"

"Basi, hayo tumeyatupa."

"Wamemuua," alisema Arlene, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Sasa wanamla. Sitaki kingine duniani. Nataka ua moja tu lichanue pale juu yake, lichanue mpaka lizeeke lidondoke lenyewe, asiliguse kulungu yeyote. Hilo tu."

Nilimkalisha juu ya gunia la udongo nikampa kahawa. Mimi si mwepesi wa kulia, ila nilikuwa shangazi yake yule kijana. Nilimfundisha kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo nilipomwambia Arlene kwamba tutapata ua hilo, sikuwa nasema kama muuza miche.

Kiangazi chote alihangaika kwanza kwa njia zake, maana alikuwa hana subira. Alitundika vipande vya sabuni kwenye vijiti kuzunguka kaburi, makaburi yakanukia kama bafu. Orville Teague, mzee anayekata nyasi pale, akaving'oa vyote kwa sababu vilikuwa vinanasa kwenye mashine yake. Kisha Arlene akaenda kwa kinyozi, akaomba nywele zilizofagiliwa sakafuni, akazijaza kwenye soksi ndefu akazitundika. Watu wengi hufanya hivyo bustanini mwao, harufu ya binadamu inawatisha kulungu kwa muda. Orville akaja kwangu na soksi tano mkononi.

"Nadine, mwambie wifi yako. Pale ni makaburini au kwa kinyozi? Mjane Hostetter kadhani ni kichwa cha mtu, nusura azimie."

"Si ungemwambia mwenyewe."

"Nimwambieje yule?" alisema, akavua kofia. "Siwezi kumwangalia machoni."

Uzio haukuruhusiwa. Sheria ya makaburi ni hiyo na haijabadilika tangu enzi za babu zetu. Ilibaki kuchagua mimea, na hapo ndipo nilipoingia.

Kulungu anaishi kwa pua yake. Ukitaka asile kitu, tafuta chenye harufu inayomkera, au chenye manyoya yanayomkwaruza ulimi, au chenye sumu. Mengine ni kubahatisha. Hata hivyo nilimwambia Arlene ukweli ambao huwa nawaambia wote wanaotaka niwape ahadi: hakuna mmea ambao kulungu mwenye njaa hatauonja. Kuna ile anayoipenda na kuna ile anayoichukia. Sisi tutampandia ile anayoichukia, tumwombe Mungu kusiwe na theluji nyingi.

Tukapanda Septemba. Nilileta kangaga za majani marefu kutoka kwenye kivuli cha msitu, nanaa ya paka, na ile wanayoiita sikio la kondoo kwa sababu ya manyoya yake. Nikaleta vitunguu vya nargisi, ambavyo ni sumu tupu. Na katikati, kwa ajili ya ua lenyewe, nilichimbua kipande cha pioni cha marehemu mama yangu, bibi yake Curtis, iliyokuwa imeota kando ya ukuta wa nyumba yake tangu mimi sijaolewa. Pioni huchanua siku hizohizo za kupamba makaburi. Ni ua kubwa kama bakuli, na kulungu hulipita kama hajaliona.

"Usilizike sana," nilimwambia Arlene alipoanza kuchimba. "Macho ya mzizi yakae juujuu. Ukilifukia chini sana litatoa majani tu mpaka tufe sote."

Mikono yake ilisimama udongoni. Nikajua nimetamka vibaya, kuzika na kufukia, lakini ndiyo maneno ya kazi yangu. Nikajaribu kuyafunika na mengine.

"Unakumbuka alivyokuja na yule mtoto wa kulungu?"

Nilikuwapo siku hiyo, nimekaa barazani kwao namenya njegere. Curtis hakuwa mkubwa, meno ya mbele hana. Alipanda njia anakimbia, koti lake limefungwa tumboni, anapiga kelele kwamba ameokota yatima. Akafungua koti, kichwa chenye masikio makubwa kikatoka. Ni kosa la kila mtoto wa huku. Kulungu akizaa humlaza mtoto wake mahali penye majani akaenda kula, na mtoto hatikisiki mpaka mama arudi. Mtu akipita anaona kiumbe peke yake, anadhani kimetupwa. Wengi huwabeba nyumbani na kuwanywesha maziwa ya ng'ombe, nao wanakufa. Arlene hakumruhusu Curtis hata kuingia ndani. Alimshika bega akamrudisha mlimani palepale, nami nikafuata kwa umbea wangu. Nilimsikia akimwambia: "Mama yake anakutazama sasa hivi kutoka kwenye miti. Mlaze kama ulivyomkuta. Na siku nyingine ukikutana na kulungu, mpishe. Sisi ndio tuliowakuta hapa." Tangu hapo Curtis alikuwa akimwona kulungu njiani anasimama kando kabisa, kama mtu anayempisha bibi kizee mlangoni. Tulikuwa tunamcheka.

"Unakumbuka?" niliuliza tena.

"Usinikumbushe," alisema Arlene, na akasimama kwenda kuchota maji, ingawa ndoo ilikuwa tayari imejaa.

Nilidhani ni chuki ya kulungu tu.

Kipupwe kikapita, nargisi zikatoka njano kwenye matope ya Aprili, hazijaguswa. Arlene akawa ananipigia simu. "Hawajagusa, Nadine." Hakuna salamu, hakuna habari za nyumbani. "Wamepita kando, nimeona nyayo, hawajagusa." Pioni mwaka ule ilitoa majani tu, kama kawaida yake; ikihamishwa hununa kwanza. Akaniuliza kama ameifukia sana. Nikachimbua kwa kidole nikamwonyesha macho yake, mekundu, yako mahali pake. Alilia kwa furaha, kama kweli ilikuwa furaha.

Nyumbani kwao mambo yalikuwa mazito. Royce aliendelea kuwinda kila msimu kama wanaume wote wa huku, friza ikajaa nyama ya kulungu, na Arlene hakuipika. Royce akawa anajikaangia mayai. Nilimwambia siku moja, "Kaka, nenda basi ukaone tulichompandia." Akasema, "Nilimwambia asikwepe, Nadine." Nikatoka nikamwacha na mayai yake. Kuna wakati nilitamani kumpiga na kikaango.

Mwaka uliofuata pioni ikatoa matumba. Yalikuwa manono, ya mviringo, na sisimizi wanatembea juu yake kama ilivyo kawaida yao. Mawili yalikuwa yameanza kuonyesha wekundu. Arlene alinifuata kitaluni jioni ya kuamkia Siku ya Kupamba Makaburi ili tukapunguze majani makavu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumwona amechana nywele. Njiani ndani ya pikapu yangu alizungumza mfululizo.

"Yatachanua kesho. Unaonaje? Au kesho kutwa?"

"Jua likiwaka, kesho saa nne utayaona."

"Nimemwambia Royce pioni ya mama yake imetoa matumba. Hakunijibu. Lakini alizima televisheni."

Tulipofika alitangulia yeye, mkasi mkononi. Nilimwona akisimama ghafla, kama aliyekanyaga mwiba.

Kwenye kangaga, mgongo wake umeegemea jiwe lenye jina la Curtis, alikuwa amelala mtoto wa kulungu. Madoa yake meupe yalikuwa yanafanana na jua linalopenya majanini, ningekuwa peke yangu ningempita. Hakutikisika. Alitutazama tu, masikio yamelala, pua inang'aa. Chini ya ubavu wake mashina ya pioni yalikuwa yamevunjika na yale matumba mawili yamegandamizwa udongoni.

Hapo ndipo nilipoelewa ujinga wetu. Tulikuwa tumewanyima kulungu chakula, kitanda hatukukifikiria. Mahali penye majani mengi, pasipoliwa na yeyote, penye harufu kali ya kuficha harufu ya mtoto. Mama gani asingepachagua? Tulimtengenezea kwa mikono yetu.

"Hata hapa," alisema Arlene. "Hata hapa, Nadine! Hata hapa!"

Akautupa mkasi. Akainama akamnyanyua yule mtoto kwa mikono miwili, miguu yake myembamba ikaning'inia, na akaanza kutembea kwa kasi kuelekea kwenye ukuta wa mawe. Ng'ambo ya ukuta ni barabara.

"Arlene! Unampeleka wapi?"

"Kwao."

"Kwao ni hapo ulipomtoa!"

"Hapa ni kwa mwanangu!"

Nilimfuata, lakini magoti yangu si ya kukimbia. Akafika ukutani. Wakati huo kukatoka mlio kwenye miti, ule mlio wa kulungu anapopuliza pua kwa hofu, kisha mguu ukapigwa chini. Jike lilikuwa limesimama ukingoni mwa msitu, lote liko wazi, halijifichi. Likapiga mguu tena. Mtoto mikononi mwa Arlene akatoa sauti moja, nyembamba, na jike likaja mbele, kisha likarudi nyuma, kisha likaja mbele.

Arlene alisimama, kifua kimegusa ukuta.

"Moyo wake unanidunda hapa," alisema bila kugeuka.

Kisha akarudi nilikokuwa, akanipita, akapiga magoti. Alimlaza yule mtoto kwenye kangaga, akamkunja miguu kama alivyokuwa, akamwegemeza kwenye jiwe. Akanyoosha jani moja likamfunika mgongo. Tukaenda tukakaa kwenye pikapu, vioo juu, na jike likatoka hatua kwa hatua mpaka likafika, likaanza kumlamba mwanawe kichwa.

"Nilikukataza usinikumbushe," alisema Arlene.

"Ulinikataza."

"Baba yake alimwambia mgonge. Mimi nilimwambia mpishe." Alikuwa anatazama mbele, mikono imelala mapajani, ina udongo. "Saa ilipofika alimsikiliza nani, Nadine? Wewe uliniona mlimani. Ulinisikia. Miaka miwili na nusu nakungoja wewe uniambie."

Kwa kweli sikuwahi kuyaunganisha mambo yale mawili, na sasa yalikuwa yameunganishwa mbele yangu na hayakutenganishika. Nilimshika mkono. Nililia mimi kwanza, na yeye akafuata.

Siku ya kupamba makaburi tulifika mapema. Watu walipanda na ndoo zao za maua na bendera ndogo za askari wao, na Arlene akasimama kwenye kona yetu kama askari wa lindo, kidole mdomoni, anawaelekeza watu wazungukie upande wa pili. Orville alizima mashine yake bila kuuliza akaisukuma kwa mikono mpaka getini. Hakuna aliyeelewa, lakini nani angebishana na mama yule siku ile?

Ndipo nikamwona kaka yangu. Alikuwa anapanda peke yake, shati la kanisani, na mkononi ana mawaridi ya kununua dukani kwenye kituo cha mafuta, bado yamo kwenye karatasi yake ya nailoni. Hatua zake zilikuwa za mtu mgonjwa. Arlene alimwendea, akamwekea kiganja kifuani.

"Ishia hapo," alimnong'oneza. "Usisogee. Kuna mtoto amelala."

Royce alisimama.

"Najua, Arlene," alisema. "Unadhani mimi sijui?"

Arlene akafungua mdomo kumsahihisha, akashindwa. Kabla ya hapo sikuwa nimewahi kumwona kaka yangu akilia, hata tulipomzika baba. Mwishowe Arlene akamshika mkono wa shati, akamwonyesha kwa kidole. Kwenye kangaga sikio moja lilikuwa linafukuza inzi.

Royce aliangalia. Ukuta wa sebule yake umejaa pembe, na alimwangalia yule mtoto kama hajawahi kuona kulungu.

"Mimi ndiye niliyemwambia awapishe," alisema Arlene. "Alipokuwa mdogo. Wewe ulimfundisha vizuri. Ni mimi, Royce."

"Hapana."

"Ni mimi."

"Mimi nimewakwepa maisha yangu yote," alisema Royce. "Baba alikuwa anakwepa. Niliingia mtaroni na gari lake tukiwa wachumba, nikakudanganya ni barafu. Nadine huyo hapo, si anakwepa?"

"Juzi tu," nilisema.

"Hakuna anayegonga, Arlene. Mkono unakata usukani wenyewe. Tunawaambia watoto tu, basi."

"Na ulisema mbele ya jeneza." Sauti ya Arlene ilikuwa inapanda, akakumbuka, akaishusha. "Kwa kila aliyekupa mkono ulisema."

"Nilisema."

"Kila mmoja, Royce."

"Nilisema. Sikuwa na kitu kingine cha kusema."

Hawakukumbatiana. Nyuma yetu watu walikuwa wanaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Royce aliyatazama mawaridi aliyoyashika kama aliyesahau kuwa anayo.

"Na haya niyaweke wapi?"

Arlene akamwonyesha ukuta wa mawe, mbali na kaburi. Hapo kazi yangu ikanishinda, nikasema bila kufikiri:

"Mawaridi hayo hayafiki kesho. Usiku huu huu yataliwa yote."

"Yaliwe," alisema Arlene. "Yule mama ananyonyesha."

Royce aliyatoa kwenye karatasi ya nailoni, akaikunja akaitia mfukoni. Akachuchumaa ukutani, akatoa kisu chake cha kuwindia, akaanza kuyaondoa miiba, ua moja baada ya jingine. Nilimwambia kulungu hajali miiba. Hakuinua kichwa, na Arlene akachuchumaa kando yake akawa anampokea maua.